Ukurasa wa Ishirini na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili si langu. Ni shajara ya mwaka huu ambayo mume wangu alipewa na idara yake, na kurasa kumi na tatu za mwanzo zina mwandiko wake: vipindi, vikao, "betri ya saa ya Baba". Tarehe kumi na nne Januari alianguka mbele ya wanafunzi wa mwaka wa pili, chaki mkononi, na tangu hapo kurasa ni nyeupe. Leo chuo kimefunguliwa baada ya mapumziko ya katikati ya muhula na mimi nimerudi kazini. Karatasi nzuri namna hii siwezi kuiacha ilale bure. Mimi ni mkutubi, uchoyo wa karatasi tunazaliwa nao.

Nakaa dawati la magazeti, ghorofa ya kwanza ya maktaba ya chuo. Magazeti yenyewe hayapo tena. Yako mtandaoni, na chuo kinayalipia ili wanafunzi na wafanyakazi wasome bure. Msomaji anaingia kwa anwani yake ya chuo, anabonyeza "omba kibali", anapewa siku moja. Kesho yake anaomba tena. Watu hunilalamikia, kwa nini kila siku? Nawajibu kwamba hata kula ni kila siku.

Mwisho wa muhula nalinganisha orodha ya wasomaji na orodha ya utumishi, kisha nafunga akaunti za walioondoka. Fomu inauliza sababu: amehitimu, amehama, amestaafu, nyingine. Aliyeitunga hakuwahi kufiwa.

Mkuu wangu wa kitengo, ambaye sote tunamwita Bi Kanuni ingawa si mbele yake, alikuja akasimama kando ya dawati.

"Ile moja," alisema, "ukitaka nitaifunga mimi."

"Nitaifunga mwenyewe. Mwisho wa muhula, kama nyingine zote."

"Kanuni inaruhusu," akasema, akaondoka.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Wanafunzi wameleta matope mpaka kwenye zulia.

Ijumaa, 7 Machi

Kila Ijumaa natoa ripoti ya wiki: majina, idadi ya vibali, saa vilipoombwa. Huwa naisoma kwa jicho moja. Leo jicho liligoma kuondoka kwenye mstari mmoja. Jina la mume wangu. Vibali saba kwa siku saba, vyote saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi.

Nilidhani mfumo umekosea. Nikatoa ripoti ya Februari. Kila siku ya Mungu, saa kumi na mbili na dakika tano, mume wangu anaomba kusoma gazeti. Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka mtu akagonga.

Jumapili, 9 Machi

Kila Jumapili nakwenda kwa wifi yangu kumjulia hali baba mkwe. Ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizo nazo, kwa sababu nakwenda kusema uongo.

Siku mume wangu alipofariki, Baba alikuwa na siku mbili tu tangu atoke hospitali. Moyo. Daktari alikuwa ametuonya asipate mshtuko wowote. Wifi akashika bango: Baba asiambiwe. Tukamwambia mwanawe amepata nafasi ya masomo ng'ambo, safari imekuja ghafla, hakuwa na muda hata wa kuaga. Siku ya mazishi tulimwambia tunakwenda kumsindikiza uwanja wa ndege. Nilikuwa nimevaa nguo nyeusi, nikaifunika kwa khanga ya maua. Baba alikuwa kitandani, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Msindikizeni vizuri." Garini wifi na mimi tulishikana mikono tukalia kwa zamu, mmoja akinyamaza mwenzake anaanza.

Wifi ameondoa betri za redio, na wageni anawapokea getini awafunze uongo kabla hawajaingia. Gazeti halimpi hofu. Baba alikuwa mpangaji wa herufi katika kiwanda cha gazeti miaka thelathini na moja, na lilipoacha kuchapishwa kwenye karatasi alinuna mwezi mzima, kisha akaacha kununa ghafla. Tukadhani kazoea. Sasa ana tableti ya zamani ya mume wangu, anachezea karata.

Leo kaniuliza yale yale.

"Mwanangu anasemaje?"

"Anakusalimia sana, Baba."

"Huko aliko mvua inanyesha?"

"Huko hakuna mvua, Baba. Kukavu."

"Afadhali," akasema, akarudi kwenye karata zake.

Kila Jumapili, mvua, mvua. Mungu anisamehe, mzee huyu ananichosha.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika nikiwa na aibu, lakini daftari haliniulizi. Usiku sikulala, nilikuwa nahesabu wanawake. Nani mwingine angekuwa na neno la siri la mume wangu? Nilipitia kila mwanamke aliyelia sana mazishini. Yuko mmoja wa idara yake aliyelia kunishinda mimi, na hata wakati ule niliona kazidisha.

Saa tatu nilifungua fomu nikaweka jina. Nimfungie huyo mwizi mlango, akasome magazeti kwa bwana mwingine. Kidole kikagoma. Nikiifunga akaunti, jina litatoka kwenye orodha. Ni orodha ya mwisho duniani inayosema mume wangu ameamka leo.

Alhamisi, 13 Machi

12:05.

Ijumaa, 14 Machi

12:05. Nimeanza kuwahi kazini. Saa kumi na mbili kasoro niko kwenye dawati, mlinzi ananifungulia huku anapiga mihayo. Nakaa kumngoja, na jina likitokea kwenye skrini namwamkia. Nikishamwamkia nakumbuka kwamba ni mwanamke wa watu, natukana.

Jumapili, 23 Machi

Huko aliko mvua inanyesha? Hakuna mvua, Baba. Afadhali.

Jumanne, 1 Aprili

Mwanamke wa idara ile alikuja dawatini kwangu. Kumbe amesahau neno la siri, hajasoma gazeti tangu mwaka jana. Nilipokuwa namtengenezea jipya aliniambia kwamba mume wangu ndiye aliyemshika mkono alipofiwa na mama yake, na kwamba ofisini kwao hakuna aliyethubutu kuondoa kikombe chake. Akalia tena, pale pale, mbele ya wanafunzi. Nikampa kitambaa changu. Nimemsingizia mwanamke wa watu mwezi mzima kwa kosa la kuwa na machozi.

Alhamisi, 3 Aprili

Jana hakuna. Leo hakuna. Nimekaa mpaka saa mbili nikitazama skrini. Bi Kanuni aliniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 5 Aprili

Hakuna. Siku ya nne. Nimefiwa mara ya pili na safari hii hakuna hata wa kunipa pole.

Jumapili, 6 Aprili

Wifi alinipokea analalamika kabla sijakunja mwavuli. Mvua ya Jumanne usiku iliangusha nguzo, intaneti imekatika tangu Jumatano, fundi amekuja asubuhi hii ndipo imerudi, na Baba siku zote nne amekuwa mkali, hataki chai, hataki kuongea, anazungukazunguka na tableti yake.

"Wifi, karata zinahitaji intaneti?" nikauliza.

"Mie najua? Zake labda zinahitaji."

Nilikaa kitini kama mtu aliyepigwa kofi. Nilimtazama mzee kule kwenye kona yake, miwani kwenye ncha ya pua, kidole kimoja juu ya kioo. Kidole hakikuwa kinahamisha karata. Kilikuwa kinashuka polepole, mstari baada ya mstari, jinsi wapangaji wa herufi wanavyosoma.

Mume wangu alimpa baba yake gazeti. Ndiyo sababu aliacha kununa. Mwezi ule ule wa kununa mwanawe alimwingiza kwa jina lake mwenyewe na hakumwambia mtu, kwa sababu mimi mkewe ndiye mlinzi wa kanuni, na kanuni hairuhusu.

Kwanza nilifurahi. Hakuna mwanamke! Kisha nikakumbuka tulichokifanya tarehe kumi na sita Januari.

Jumatatu, 7 Aprili

Ukibonyeza "funga akaunti", mfumo hauifungi papo hapo. Unakuonyesha kwanza muhtasari: msomaji alisoma nini, lini, mara ngapi. Ndipo unauliza kama una uhakika. Kwa kawaida nabonyeza ndiyo bila kusoma. Leo nilisoma.

Gazeti la tarehe 16 Januari, ukurasa wa 22. Mara sabini na nane.

Ukurasa wa ishirini na mbili ni matangazo ya vifo. Tangazo la mume wangu liko juu kulia, na picha ile ya kitambulisho cha kazi. Wifi ndiye aliyeliandika na mimi ndiye niliyelipeleka. Tulifikiri kila kitu: getini, redio, simu. Gazeti hatukulifikiri, kwa kuwa tulijua mzee hana gazeti.

Alisoma siku lilipotoka. Amelisoma kila asubuhi tangu siku hiyo, isipokuwa siku nne za nguzo. Siku tulipomwambia tunakwenda uwanja wa ndege alikuwa anajua saa ya mazishi na mahali pa kaburi, kwa sababu vyote vimeandikwa pale. Naye akasema, msindikizeni vizuri.

Kisha nikalisoma tangazo lenyewe, mara ya kwanza tangu nilipeleke. "Ameacha mke na dada." Ni sisi tuliomtoa. Wifi alisema tukiandika jina la mzee watu watampigia kumpa pole, na mimi nikasema sawa. Basi yule mzee wa watu, mwenye moyo mbovu, alifungua gazeti akakuta mwanawe amekufa, na humo kwenye tangazo mwanawe hana baba.

Nilibonyeza "ghairi". Nikaweka kichwa juu ya dawati. Mtu akaweka kikombe cha chai karibu na sikio langu, na viatu vilivyoondoka vilikuwa vya Bi Kanuni.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Sijala.

Jumapili, 13 Aprili

Nilikwenda nikiwa nimejiapiza kusema. Nilimwita wifi jikoni kwanza.

"Baba anajua."

"Anajua nini?"

Nikamweleza. Alikuwa anakuna nazi, akaendelea kukuna mpaka akakwangua kifuu kitupu.

"Uongo," akasema. "Angekuwa anajua angelia. Baba ni mtu wa kulia! Mama alipokufa mtaa mzima ulimsikia."

"Wifi, analisoma kila siku."

"Labda haoni vizuri. Labda anatazama picha tu." Akanishika mkono kwa mkono wenye nazi. "Ukimwambia ukamuua, utanizikia na baba? Nimezika kaka mmoja mwaka huu. Nimetosheka."

Nilikuwa nikimwona wifi kama askari jela wa nyumba hii. Leo nimemwona ni mtu aliyebakiwa na mzee mmoja tu, anamshikilia kwa meno. Sikusema. Nilikwenda sebuleni nikaulizwa kama huko aliko kuna mvua.

Nikashindwa kusema hakuna. Nikasema, "Ipo, Baba. Inanyesha sana."

Aliinua macho kutoka kwenye tableti. Hakusema afadhali.

Jumapili, 20 Aprili

Niandike yote, kwa utaratibu, nisije kujidanganya baadaye.

Nilifika saa nne. Wifi alikuwa sokoni. Baba alikuwa kwenye kona yake, na kiti cha pili alikuwa amekwishakivuta karibu na chake. Sikumbuki lini mtu alikaa pale.

"Keti, mwanangu," akasema. "Leo usinipe salamu zake."

Nikaketi.

"Wewe ndiye mwenye yale magazeti pale chuoni?"

"Ndiye mimi, Baba."

"Basi utakuwa umeona. Mwanangu aliniambia, Baba, mke wangu anaona kila kitu mle, soma tu usijitangaze." Akacheka kidogo. "Wiki za mwanzo niliogopa utakuja kunikamata. Baadaye nikawa naomba uje."

Nilianguka magotini. Sikuwa nimepanga. Nilimshika miguu nikasema nisamehe, Baba, nisamehe, sina neno lingine, na yeye akawa ananipigapiga begani polepole.

"Kwa nini hukutuambia?" nikamuuliza.

"Niwaambie nini? Niliwaona mmevaa maua juu ya nguo nyeusi, macho yamevimba, mnanitabasamia. Nikasema, hawa watoto wamebeba mzigo huu kwa ajili yangu, nikiupiga teke utawaangukia wao. Nikangoja mchoke wenyewe." Akavua miwani. "Hamkuchoka. Hodari sana nyinyi kwa uongo."

"Tuliogopa moyo wako."

"Moyo!" Sauti yake ilipanda, ya kwanza tangu Januari. "Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Nyinyi mmekificha hicho kilio chenyewe! Mimi mwanangu nimemlilia chini ya shuka, nimeuma mto kama mwizi, alfajiri, kabla dada yake hajaamka kuwasha jiko. Baba mzima. Kila nyumba hapa inajua nimefiwa, mimi tu ndiye sijafiwa. Hakuna aliyenipa pole. Hata mmoja."

Nikasema, "Pole, Baba."

Alifumba macho. Machozi yalimtoka bila sauti, yakapita kwenye mikunjo ya uso mpaka kwenye kola. Nikasema tena, pole, pole sana Baba, na kila nikisema alitikisa kichwa kuitika kama mtu anayepokea kitu mkononi.

Baadaye akaniuliza, "Kaburi mmelizungushia matofali?"

"Bado, Baba."

"Mvua hizi zinabomoa udongo. Nimekuwa nakuuliza mvua miezi mitatu, unaniambia huko kukavu."

Wifi alitukuta hivyo. Alisimama mlangoni na kapu lake. Baba akamnyooshea mkono, akasema, "Njoo, mama, tulie." Kapu likaanguka, nyanya zikatawanyika sakafuni, na hatimaye mtaa mzima ulimsikia Baba analia. Jirani wa kwanza alifika hata mvua haijakatika. Wakaja wengine. Wakampa mkono mmoja mmoja, pole mzee, pole sana, na yeye akawajibu wote, tumeshapoa.

Moyo wake haukusimama.

Jumatatu, 21 Aprili

12:05. Shikamoo, Baba.

Jumapili, 27 Aprili

Tumekwenda kaburini. Udongo umetitia upande wa miguu, kama alivyosema. Aliinama akaujaza kwa mikono yake, hakutaka koleo, hakutaka msaada. Wifi alimshikia mwavuli. Tulirudi tumelowa.

Ijumaa, 9 Mei

Nilimweleza Bi Kanuni kila kitu, nikasema niko tayari kuandikiwa barua ya onyo. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Nilikiona kile kibali tangu Januari," akasema. "Kanuni inasema akaunti hufungwa mwisho wa muhula. Mwisho wa muhula haujafika. Mimi sijavunja kitu."

Akafungua droo akanipa fomu ya kadi ya msomaji wa nje. Mwenye kadi hiyo anasoma humu humu maktabani, si nyumbani. Kuna kiti kizuri karibu na dirisha, akasema, na lifti inafanya kazi siku nyingine.

Jumapili, 18 Mei

Baba anataka tangazo jipya, la shukrani, litoke siku ya mwisho ya muhula. Aliniambia niandike, akasimama nyuma yangu kama msimamizi wa kiwanda.

"Anza na baba," akasema. "Herufi nzito."

Wifi akaandika kwa mkono wake mwenyewe: "Baba wa marehemu, mjane na dada." Akafuta "wa marehemu", akaandika "yake". Kisha akaenda jikoni, tukamsikia anapenga kamasi.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua imekwisha. Zulia limefuliwa.

Saa kumi na mbili na dakika tano jina la mume wangu lilitokea kwenye skrini kwa mara ya mwisho. Nilisimama. Mlinzi aliniuliza kuna nini, nikamwambia napokea mgeni.

Mchana nilifunga akaunti za wahitimu mia mbili na kumi na tatu, waliohama wanane, wastaafu wanne. Saa tisa ikabaki moja. Bi Kanuni alivuta kiti akaketi kando yangu. Sijawahi kumwona ameketi.

Nikabonyeza. Muhtasari ukaja. Gazeti la leo, ukurasa wa 22, tangazo la shukrani: mara moja. Nikashuka chini yake. Ukurasa wa 22 wa Januari, leo hakuufungua. Alisoma michezo. Kisha hali ya hewa, kisha barua za wasomaji, mpaka ukurasa wa kwanza, akianzia nyuma kama alivyokuwa akisoma enzi za karatasi.

Mfumo ukauliza sababu. Nikachagua "nyingine", na kisanduku cha maelezo kikafunguka. Nikaandika: Amefariki. Ameacha baba, mke na dada.

Ukauliza kama nina uhakika.